Aliona, Akaandika, Akarudia

Kifua cha mjomba kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini aliyekuwa akipumua si yeye. Mashine iliyokaa pembeni ya kitanda ilisukuma hewa, ikatulia, ikasukuma tena. Bomba lilipita mdomoni hadi kooni, limeshikizwa shavuni kwa plasta. Nilikuwa nimevalishwa gauni la hospitali juu ya nguo zangu, mikono inanukia spiriti, na swali la kwanza lililonitoka lilikuwa hili:

"Sista, anasikia maumivu?"

"Hasikii, mwanangu. Tumempa dawa ya usingizi. Bila hiyo asingelivumilia hilo bomba."

Mjomba alitoka salama, kwa rehema za Mungu. Aliyebaki na jambo ni mimi. Katika zile saa za kukaa kwenye benchi la nje nilianza kusoma, kwa simu, habari za mashine iliyokuwa ikimpumulia. Nani aliyewaza kwanza kwamba kiumbe asiyeweza kuvuta pumzi anaweza kupulizwa akaendelea kuishi? Nikampata Andreas Vesalius, mwalimu wa anatomia wa Padua, Italia, ambaye katika kitabu chake cha 1543 alieleza jinsi ya kutoboa koo la hewa la mnyama, kuchomeka mwanzi, na kupuliza mpaka mapafu yainuke na moyo upate nguvu. Kutoka kwake nikafika London, karne moja na ushei baadaye, kwa mtu aitwaye Robert Hooke.

Kwa Hooke nikakwama. Wiki zimepita na bado nimekwama, ndiyo maana naandika.

## Mbwa wa kwanza

Novemba 1664 Hooke alikuwa na miaka 29, msimamizi wa majaribio wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Alimchukua mbwa, akampasua kifua na tumbo akiwa hai, akakata kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kisha akafungua utando unaofunika moyo. Mbwa aliyepasuliwa hivyo hufa mara moja, kwa kuwa kifua kilicho wazi hakiwezi tena kuvuta hewa. Hooke aliingiza bomba kwenye koo la hewa, akaliunganisha na mvukuto, akawa anapuliza. Mbwa akaendelea kuishi kwa zaidi ya saa moja, moyo wake ukionekana wazi ukipiga.

Tarehe 10 ya mwezi huohuo alimwandikia Robert Boyle, mwanasayansi tajiri ambaye Hooke aliwahi kuwa msaidizi wake. Alimweleza aliyoyaona, kisha akaongeza kwamba haingekuwa rahisi kumshawishi afanye tena majaribio ya aina hiyo, "kwa sababu ya mateso ya kiumbe yule". Utafiti wenyewe, alisema, ungekuwa wa heshima kubwa kama ingepatikana njia ya kumlevya mnyama asihisi kitu. Lakini alihofia kwamba hakuna afyuni yenye uwezo huo.

Niliposoma maneno hayo nilirudi nikayasoma tena polepole. Mtu wa mwaka 1664, hana nusukaputi, hana sheria inayomkataza, hana mtu wa kumlaumu, na swali lake ni lile nililomuuliza sista.

Anasikia maumivu?

Akajijibu: ndiyo.

## Mbwa wa pili

Oktoba 1667 akarudia.

Safari hii ilikuwa mbele ya wenzake. John Evelyn, mwanachama wa Royal Society aliyeandika shajara karibu maisha yake yote, alilishuhudia jaribio hilo. Anamtaja mbwa kwa huruma, anaeleza jinsi alivyowekwa hai kwa mvukuto huku kifua kiko wazi na mapafu yametobolewa, halafu anafunga kwa kusema kwamba lilikuwa jaribio lenye ukatili kuliko ulioweza kumpendeza. Anafunga hapo. Hasemi kwamba aliinuka akatoka, wala kwamba alimwambia mtu yeyote akome.

Hooke alikuwa na sababu. Waganga mashuhuri walidai kwamba uhai hutegemea mwendo wa mapafu wenyewe, yaani kule kupanda na kushuka ndiko kunakosukuma damu. Hooke hakuamini. Akatobolea mapafu matundu madogo kwa ncha kali, akatumia mivukuto miwili ili hewa iingie mfululizo bila kukatika na kutokea kwenye yale matundu. Mapafu yakajaa, yakakaa palepale bila kusogea. Ikiwa waganga walikuwa sahihi, mbwa angekufa.

Hakufa. Alilala kimya, na Hooke aliandika kwamba muda wote huo macho yake yalikuwa changamfu kabisa na moyo ukipiga kwa utaratibu. Upepo ulipokatizwa, mwili ulianza kutetemeka kwa mishtuko. Uliporudishwa, akatulia.

Kwa hiyo kinachomweka mnyama hai ni hewa safi inayofika kwenye mapafu, si mwendo wa mapafu. Ni ugunduzi mkubwa, na ninauheshimu. Lakini ukiwa mbali na chumba kile kwa zaidi ya miaka 350 bado unaona kitu kimoja kwenye taarifa ile: yale macho. Hooke aliyatazama. Aliyatazama kwa makini kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa ushahidi wake kwamba mbwa yu hai na yu macho. Yakaingia kwenye jarida la Royal Society kama kipimo.

Nini kilibadilika kati ya 1664 na 1667? Dawa ya kulevya haikuwa imepatikana. Mbwa hawakuwa wameacha kuhisi.

Swali tu ndilo lililokuwa limenoga zaidi.

## Maelezo tuliyopewa

Tuliosoma falsafa chuoni tulipewa maelezo mafupi ya mambo haya. Alikuwepo René Descartes, Mfaransa, ambaye mwaka 1637 aliandika kwamba wanyama hawana akili hata kidogo, na kwamba matendo yao yanatokana na mpangilio wa viungo, kama saa inavyotaja majira kwa magurudumu na springi. Tukaambiwa kwamba baada yake Ulaya ilipoteza uwezo wa kusikia kilio cha mnyama. Huja pia kile kisa cha nyumba ya watawa ya Port-Royal karibu na Paris, kilichoandikwa na Nicolas Fontaine katika kumbukumbu zake: wasomi waliowapigilia wanyama misumari kwenye mbao kwa miguu yao minne, wakiwapasua na kuwacheka wanaowahurumia, kwa hoja kwamba mlio wa mnyama ni mlio wa springi.

Maelezo haya yanavutia kwa sababu yanatuweka mbali. Wale walikuwa na nadharia mbaya iliyowaziba masikio, na sisi hatunayo, basi tuko salama.

Hooke haingii kwenye maelezo hayo. Hakusema springi imelia. Alisema mateso. Wala hakuwa peke yake. Nicolas Steno wa Denmark, mmoja wa wapasuaji hodari wa kizazi kile, alikiri kwamba anawatesa mbwa kwa maumivu marefu huku nafsi yake ikichukia. Aliwataja wafuasi wa Descartes wanaojivunia mfumo wao, na kusema anatamani wangeweza kumshawishi yeye kama walivyojishawishi wenyewe kwamba wanyama hawana roho.

Angalia anachotamani. Anatamani *kushawishiwa*. Kisu kiko mkononi tayari, kazi inaendelea, na anatafuta mtu wa kumpa nadharia itakayomwezesha kulala usiku.

Hapo ndipo maelezo ya chuoni yalipogeuka kichwa chini kwangu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba fikra ilitangulia na mkono ukafuata. Steno ananionyesha mkono uliotangulia, na fikra ikiitwa kwa nyuma ije kutetea.

## Barua ya Cambridge

Nikaenda kumtafuta Descartes mwenyewe, kwenye barua zake, kwa sababu kwenye barua watu husema yale wasiyoyaweka vitabuni.

Hakuwa mtu aliyewaogopa wanyama wala asiyewajua. Katika kipindi kimoja cha baridi alichokaa Amsterdam alikuwa akienda karibu kila siku kwa mchinjaji kutazama wanyama wakichinjwa, kisha akiagiza viungo aletewe nyumbani avipasue kwa nafasi. Alijua jinsi moyo unavyoonekana ukiwa bado na joto.

Desemba 1648 Henry More, mwanafalsafa wa Cambridge aliyekuwa akimsifu kwa mengi, alimwandikia kwamba katika mawazo yake yote hakuna linalomchukiza kama hili la wanyama. Aliliita la kuua. Kwa kuwanyima wanyama hisia, alimlaumu, umewapokonya uhai wenyewe.

Descartes alijibu tarehe 5 Februari 1649. Sehemu ya kwanza ya jibu ni ile tunayoitarajia: kuamini kwamba wanyama hufikiri ni dhana tuliyoizoea tangu utotoni. Kisha linakuja jambo ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Anasema kwamba haiwezekani kuthibitisha kuwa wanyama wana fikra, lakini vilevile haiwezekani kuthibitisha kuwa hawana, kwa sababu akili ya mwanadamu haifiki mioyoni mwao.

Haifiki mioyoni mwao. Huyu ndiye Descartes tuliyeambiwa alikuwa na uhakika wote.

Mbele kidogo anamalizia: maoni yake si ya ukatili kwa wanyama bali ni ya hisani kwa wanadamu, maana yanawaondolea shaka ya kuwa na hatia wanapokula au kuua wanyama.

Niliiweka simu chini. Hisani kwa wanadamu. Amesema wazi kazi ya nadharia ni ipi. Mtu hasemi "nimekuondolea shaka ya hatia" kwa mtu ambaye hakuwa na shaka hiyo. Ilikuwepo. Watu walikuwa wakiila nyama na shaka yake, wakimpasua mbwa na shaka yake, na mtu mmoja mwenye akili nyingi akawaandikia hati ya kuachiwa huru, huku yeye mwenyewe akikiri kwamba ushahidi hautoshi.

Kabla yake Montaigne, mwandishi, pia Mfaransa, alikwisha kuuliza: ninapocheza na paka wangu, nani ajuaye kama si yeye anayejiburudisha kwangu zaidi ya mimi kwake? Descartes aliijua hoja hiyo. Mwaka 1646, katika barua kwa William Cavendish wa Newcastle, alimtaja Montaigne kwa jina na kukataa kumfuata. Swali lilikuwa mezani. Lilisukumwa pembeni kwa makusudi.

## Sungura wa Margaret

Mke wa huyo William aliyeandikiwa barua ni Margaret Cavendish, na ningependa asomwe zaidi kwetu. Mwaka 1653 alichapisha shairi la uwindaji wa sungura. Anamfuata mnyama kuanzia alipojikunja shambani kati ya matuta, macho yake yakitazama huku na huku, mpaka mbwa na farasi wanapomchosha na kumuua. Halafu anawageukia wawindaji. Wanajiona wapole, anasema, na bado wanaenenda kana kwamba Mungu aliwapa viumbe uhai na hisia ili tu mwanadamu ale, kana kwamba kila kiumbe kiliumbwa kwa ajili yake peke yake, akitawale kwa udhalimu.

Tarehe 30 Mei 1667 alizuru Royal Society, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke. Wakamwonyesha majaribio ya kupendeza, miongoni mwake kupima uzito wa hewa. Miezi minne na ushei baadaye Hooke akafungua kifua cha mbwa wa pili mbele ya chama hichohicho.

Mfalme aliyekipa chama hicho hati yake, Charles wa Pili wa Uingereza, aliwapenda mbwa kupita kiasi. Evelyn, yuleyule wa shajara, anaandika kwamba mfalme aliwaacha walale chumbani mwake na majike wakazaa na kunyonyesha humohumo, mpaka chumba kikanuka. Hakuna mtu katika mzunguko ule ambaye hakumjua mbwa.

## Damu ya kondoo

Mwezi mmoja na ushei baada ya jaribio la Hooke, tarehe 23 Novemba 1667, waganga Richard Lower na Edmund King walimtia damu ya kondoo mtu aitwaye Arthur Coga. Alikuwa msomi aliyesemekana ana kichwa kilichochangamka mno, na walitumaini damu ya mnyama mpole ingempoza. Alilipwa shilingi 20. Alinusurika, na siku chache baadaye alikuja mbele ya chama akatoa taarifa yake kwa Kilatini.

Alipoulizwa kwa nini damu ya kondoo na si ya mnyama mwingine, alijibu kwamba damu ya kondoo ina uhusiano wa kiishara na damu ya Kristo, kwa kuwa Kristo ni mwanakondoo wa Mungu.

Kisa hiki kinanionyesha mkanganyiko wote mahali pamoja. Damu ya kondoo inafaa kuingia kwenye mishipa ya mtu. Mapafu ya mbwa yanatufundisha yetu. Moyo wake unapiga kwa sheria ileile, ndiyo maana tunaupasua. Kama angekuwa kitu kingine kabisa, jaribio lisingekuwa na thamani yoyote kwetu. Mfanano ndio uliomleta mezani. Kisha ukifika kwenye maumivu, mfanano unakatwa ghafla, na mnyama anakuwa kitu kingine kabisa.

Tena tazama tofauti ya Coga na kondoo. Coga aliombwa, akakubali, akalipwa, akaulizwa maoni yake, akajibu kwa lugha ya wasomi. Kondoo hatajwi isipokuwa kwa damu.

## Mzigo umenifikia mimi

Wazee wetu wana msemo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Niliusikia tangu utoto na sikuwahi kuuona kuwa mkatili. Ulikuwa msemo wa bidii, wa kutokukata tamaa. Sasa nauona unavyojenga dunia nzima kwa maneno machache: kuna bwana, kuna mzigo, na kuna yule ambaye kifo chake kinahesabiwa kama gharama ya njia. Nafasi ya kuuliza kama mzigo ulistahili haimo.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba huu mzigo umefika kwangu. Hewa iliyosukumwa kwenye mapafu ya mjomba wangu ina babu zake, na mmoja wa babu hao ni mvukuto wa London. Sisemi kwamba bila mbwa wale mashine isingekuwepo. Historia haiendi kwa mstari mmoja, na wengi baadaye walichangia. Lakini nilisimama kando ya kitanda kile nikimwomba Mungu mashine isikome. Kama mtu angenijia saa ile akaniambia inahitajika roho ya mbwa mmoja ili mjomba apumue mpaka asubuhi, najua ningejibu nini, na najua ningejibu haraka.

Kwa hiyo siwezi kusimama nje ya jambo hili na kumnyooshea Hooke kidole.

Lakini jibu langu la haraka lina kasoro moja ambayo kila nikiligeuza naiona. Mimi ndiye niliyeulizwa. Katika simulizi lote hili, kuanzia Padua hadi kwenye benchi la hospitali, anayepima kama mateso yanastahili matunda yake ni yule anayekula matunda. Haijawahi kuwa vinginevyo. Huu ndio moyo wa fikra ya kumweka binadamu katikati, na hauhitaji mtu aamini kwamba mnyama ni saa. Unaweza kuamini anahisi, ukalia naye, ukaandika barua nzuri, na mizani ikabaki mikononi mwako.

## Huruma yenye mwenyewe

Hata huruma ya zama zile iliwekwa kwenye mizani hiyohiyo. Mwaka 1641 koloni la Waingereza la Massachusetts, Amerika, lilitunga sheria iliyomkataza mtu kumfanyia udhalimu au ukatili mnyama ambaye kwa kawaida hufugwa kwa matumizi ya mwanadamu. Ni miongoni mwa sheria za mwanzo za namna hiyo, na inapaswa kusifiwa, lakini mlango wake ni matumizi. Mbweha hayumo, panya hayumo.

John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1693 aliwaonya wazazi wasiwaache watoto wachezee maumivu ya ndege na vipepeo, kwa sababu mtoto aliyezoea hivyo atakuwa mgumu kwa watu. Mwaka 1751 William Hogarth alichora hoja hiyo kwa picha nne: kijana Tom Nero anaanza kwa kumtesa mbwa, anaendelea kwa farasi, anamuua mwanamke, na anaishia kunyongwa na kupasuliwa mbele ya waganga huku mbwa akiula moyo wake sakafuni. Hogarth alitaka ukatili wa mitaani ukome, nami naamini nia yake. Ila ukiifuata hoja mpaka mwisho, kosa la kumtesa mbwa ni kwamba linamwandaa mtu kumtesa mtu.

Mbwa wa picha ya kwanza amekuwa ngazi.

## Sisimizi aliyelewa

Kuna jambo jingine kuhusu Hooke ambalo limenipa taabu kuliko mengine, na ni dogo sana. Katika kitabu chake cha darubini cha 1665, alichokichapisha miezi michache tu baada ya barua kwa Boyle, anaeleza alivyotaka kumchora sisimizi. Sisimizi hakukubali kutulia. Akimgandisha miguu kwa nta au gundi, alijipindapinda hata hakuweza kumwona vizuri. Mwishowe akamtia kwenye brandi. Sisimizi akalegea kama aliyekufa. Hooke akamchora, na baada ya kama saa moja sisimizi akazinduka ghafla, akakimbia.

Alikuwa nayo basi, dawa aliyoitamani, kwa kiumbe mdogo asiyeweza hata kulia. Aliitafuta kwa bidii kwa sababu picha ilimhitaji sisimizi atulie. Kwa mbwa alitumaini ingekuwepo, akahofia haipo, akaendelea. Pengine hakuna pombe wala afyuni ya wakati ule ambayo ingemlaza mbwa bila kumuua, nami sitaki kumdai asichokuwa nacho. Ninalotaka lionekane ni utaratibu: jaribio lilipokwama, alibuni njia. Dhamiri ilipokwama, alisubiri kidogo kisha akapita.

## Nani anafungua koki

Etha, dawa ya kumlaza mgonjwa asihisi maumivu, ilionyeshwa hadharani hospitalini Boston mwaka 1846, miaka 182 baada ya barua ile. Mwaka 1876 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotaka mnyama wa majaribio alazwe kwa dawa asihisi maumivu. Sheria hiyohiyo iliruhusu cheti maalumu cha kutomlaza, pale ambapo kumlaza kungeharibu lengo la jaribio. Hooke angejitambua humo: kifungu cha kwanza ni mtu wa 1664, na kile cha cheti ni mtu wa 1667.

Mwaka 1959 Russell na Burch, wanasayansi wawili wa Uingereza, waliandika kanuni zao tatu, na leo maabara nyingi duniani hutakiwa kuonyesha kwamba hakuna njia nyingine isiyohitaji mnyama, kwamba idadi ni ndogo iwezekanavyo, na kwamba maumivu yamepunguzwa. Nazikubali kanuni hizo. Ni bora mara nyingi kuliko barua nzuri. Lakini wanaokaa mezani kuzitekeleza bado ni wale ambao mzigo utawafikia, kama ulivyonifikia mimi, nami nimekwisha kusema ningejibu nini usiku ule.

Boyle anasimulia, katika kitabu chake cha 1660 kuhusu pampu ya kuondoa hewa, jinsi alivyomweka ndege ndani ya kioo na kuanza kuitoa hewa. Ndege akaanza kugaagaa kwa mishtuko. Walikuwepo chumbani mabibi kadhaa waliokuja kutazama, wakamwonea huruma, wakamshurutisha Boyle afungue koki upesi hewa irudi. Akafungua. Ndege akapata nafuu.

Nataka nafasi ya mabibi wale iwe kazi rasmi. Kwenye kila kamati inayoidhinisha majaribio ya wanyama, hapa kwetu na kwingineko, awepo mtu mmoja ambaye hapimi faida ya tiba, hatetei ruzuku, haandiki makala ya utafiti. Amsemee mnyama tu, na akisema koki ifunguliwe, ifunguliwe, mpaka wenye jaribio walipange upya. Najua itachelewesha tiba. Najua siku moja itakayocheleweshwa inaweza kuwa ya mtu wangu, na hata hivyo nimeshindwa kupata sababu ya kulikataa hilo ambayo haianzi na neno "mimi".